Migogoro ya Wikipedia na Uhaba wa Mtu wa Tatu

Msomaji anayeingia Wikipedia ya Kiswahili kutafuta habari za ziwa kubwa lililo kati ya Tanzania, Malawi na Msumbiji atakuta makala yenye jina la Ziwa Nyasa. Akiingia Wikipedia ya Kiingereza atakuta Lake Malawi, na jina la Nyasa litatajwa hapo mwanzoni kuwa ndilo linalotumika Tanzania. Nyuma ya tofauti hiyo kuna mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao Malawi inausoma kuwa uliweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki, huku Tanzania ikishikilia kwamba mpaka unapita katikati ya maji. Shauri hilo lilifika hadi kwa jopo la marais wastaafu lililoongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, na halikumalizika. Sasa mtu wa kujitolea, asiyelipwa hata senti, anayeishi Mbamba Bay upande huu au Nkhata Bay upande ule, anataka kuandika sentensi moja tu kuhusu mpaka huo katika kamusi elezo ambayo mwenzake wa ng'ambo ya pili ana uwezo ule ule wa kuihariri. Aandike nini?

Jibu ambalo Wikipedia imelishikilia tangu miaka yake ya mwanzo, baada ya Jimmy Wales na Larry Sanger kuizindua tarehe 15 Januari 2001, ni kwamba mwandishi haandiki anachokiamini. Anaandika ni nani anayedai nini, kwa hoja gani, na msomaji akitaka kuhakikisha akatazame wapi. Kwa hiyo kuandika kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa hakufai, na kuandika kwamba mpaka unafuata ufuko hakufai vilevile, kwa sababu kila moja ya sentensi hizo inatoa hukumu katika kesi ambayo bado iko mezani. Inayofaa ni ndefu zaidi na haina msisimko: Malawi inadai eneo lote la kaskazini mwa ziwa hadi kwenye ufuko wa Tanzania kwa kutegemea mkataba wa 1890, na Tanzania inalikataa dai hilo kwa hoja kwamba mpaka uko katikati ya maji. Mtanzania na Mmalawi wanaweza kuikubali sentensi hiyo bila yeyote kati yao kuona kwamba ameiuza nchi yake, kwa kuwa haiwaulizi tena nani mwenye ziwa. Inawauliza kama madai ya kila upande yameelezwa sawasawa, na swali hilo lina jibu ambalo wote wawili wanaweza kulisoma kwenye nyaraka.

Kanuni hii ya kutoegemea upande hueleweka vibaya mara nyingi, hasa na wahariri wapya wanaodhani kwamba maana yake ni kugawa nusu kwa nusu kila panapotokea ubishi. Sivyo. Makadirio ya Wajerumani kuhusu watu waliokufa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 yalitaja watu 75,000, ilhali baadhi ya wanahistoria waliokuja baadaye walifika kati ya 250,000 na 300,000 walipohesabu pia waliouawa na njaa iliyofuata uchomaji wa mashamba na maghala. Mhariri anayejumlisha tarakimu hizo na kuzigawa kwa mbili ili kuwaridhisha wote anazalisha idadi ambayo hakuna mtafiti hata mmoja aliyewahi kuitoa. Kazi yake ni kueleza nani alihesabu nini na kwa nini hesabu zimepishana, na kuupa kila mtazamo nafasi inayolingana na uzito wa ushahidi wake. Hapo ndipo mabishano magumu huanzia, maana uzito wa ushahidi haupimwi kwa mizani ya dukani.

Wahariri wawili wakikataana juu ya jambo kama hilo, kinachofuata kwa kawaida kinajulikana na kila aliyewahi kuchangia. Mmoja anaandika, wa pili anatengua, wa kwanza anarudisha, wa pili anatengua tena, na ukurasa wa historia unajaa majina mawili yanayopokezana. Mwaka 2004 Wikipedia ya Kiingereza iliweka kanuni kwamba mtu anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri, hata kama hoja yake ni sahihi. Watu wengi huona maneno hayo ya mwisho kuwa ni dhuluma. Mimi nayaona kuwa ndiyo busara yote ya kanuni hiyo, kwa sababu katika vita vya uhariri kila upande unaamini kwamba uko sahihi, na kanuni inayomsamehe aliye sahihi ingekuwa kanuni inayowasamehe wote.

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi jumuiya inavyoweza kutoka kwenye shimo la namna hiyo ni kile cha mji wa Gdańsk, bandari ya Poland kwenye Bahari ya Baltiki. Wajerumani waliuita Danzig. Mji huo ulichukuliwa na wapiganaji wa kidini wa Kijerumani mwaka 1308, ukawa chini ya mfalme wa Poland kwa zaidi ya miaka 300 huku wakazi wake wengi wakizungumza Kijerumani, ukamezwa na Prussia mwaka 1793, ukafanywa mji huru kati ya vita viwili vya dunia, na ukarudi Poland mwaka 1945. Katika miaka ya mwanzo ya Wikipedia ya Kiingereza, makala nyingi zilizoutaja mji huo zilikuwa uwanja wa mapambano. Daniel Gabriel Fahrenheit, ambaye jina lake limebaki kwenye vipimajoto, alizaliwa huko mwaka 1686: je, alizaliwa Danzig au Gdańsk? Mwanafalsafa Arthur Schopenhauer, aliyezaliwa huko mwaka 1788, naye je? Jina moja likiandikwa, mhariri wa upande mmoja aliona kwamba historia ya watu wake imefutwa. Likiandikwa la pili, wa upande mwingine aliona hivyo hivyo, na kwa kuwa maelfu ya watu waliozaliwa, waliosoma au waliofanya biashara katika mji huo wana makala zao, ugomvi haukuwa na mwisho.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 wahariri walilipeleka jambo hilo kwenye kura, wakaligawanya kwa vipindi vya historia badala ya kulipigia kura kwa jumla. Hatua hiyo ya kugawanya ndiyo ninayoisifu zaidi kuliko kura yenyewe. Swali la jina halisi la mji lilikuwa swali la utaifa na halikuwa na jibu ambalo wote wangelipokea, lakini swali la jina lipi litumike katika kueleza tukio la mwaka 1350, la 1600 au la 1950 lilikuwa swali la uandishi, na watu waliokuwa wakitukanana wiki iliyotangulia waliweza kulijibu kipengele kwa kipengele. Matokeo yalikuwa kwamba Danzig litumike kwa mambo ya kuanzia 1308 hadi 1945, na Gdańsk kwa kabla na baada ya hapo. Iliamuliwa pia kwamba katika wasifu wa mtu ambaye bila shaka ni Mjerumani au bila shaka ni Mpoland, jina la upande wake litangulie na lile la pili litajwe mara moja pembeni, ili msomaji ajue kwamba ni mji ule ule. Wapo ambao hawakuridhika, na wapo wanaolalamika hadi leo, ila tangu hapo anayelibadilisha jina anajibu kwa kanuni iliyoandikwa na kupitishwa hadharani, wala hamjibu mpinzani wake peke yake.

Katika kisa hicho wagombanao wenyewe hawakuwa wamebadilika, wala hakuna nyaraka mpya iliyogunduliwa. Kilichobadilika ni kwamba walikuja watu wengine, wasio na damu katika ugomvi huo, wakasoma hoja, wakauliza maswali na wakashiriki katika uamuzi. Ngazi zote za utatuzi wa migogoro katika Wikipedia ya Kiingereza zimejengwa juu ya watu wa aina hiyo. Wahariri wawili wakishindwana kwenye ukurasa wa majadiliano, wanaweza kumwomba mtu wa tatu ambaye hajawahi kuigusa makala yao atoe maoni. Wakishindwana zaidi, hutangaza ombi la maoni kwa jumuiya nzima, ambalo kwa kawaida hukaa wazi kwa siku 30, kisha mhariri asiyehusika hupima hoja, bila kuhesabu vichwa, na kuandika muafaka umeangukia wapi. Juu kabisa iko kamati ya usuluhishi, iliyoundwa mwishoni mwa 2003 na kuanza kusikiliza mashauri mwaka uliofuata, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wahariri wenyewe. Kamati hiyo haiamui maudhui ya makala. Inaamua mwenendo wa watu, nani amevuruga, nani azuiwe, nani apokonywe madaraka, na imewahi kuchukua hatua nzito, kama pale mwaka 2009 ilipozuia anwani za intaneti za Kanisa la Scientology zisihariri tena Wikipedia ya Kiingereza, baada ya mapambano ya muda mrefu kwenye makala zinazolihusu.

Mfumo huo una kasoro zake, na ninautaja kwa kuwa unafanya wazi kile ambacho jumuiya ndogo zinakikosa. Wazee wanaoamua mgogoro wa mpaka wa shamba humtafuta jirani wa tatu aliyeushuhudia mpaka ukipandwa, na asipopatikana shauri huishia kwa mwenye sauti kubwa. Wikipedia za lugha nyingi hazina jirani wa tatu. Zina wahariri wachache wanaofahamiana, na mara nyingi yule anayetofautiana nawe kuhusu aya fulani ndiye huyo huyo mwenye uwezo wa kuilinda makala isihaririwe, kuifuta au kukuzuia wewe. Naamini kwamba hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika utatuzi wa migogoro kwenye Wikipedia ndogo, na kwamba Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ina umri wa zaidi ya miaka 20, haijalipa uzito unaostahili.

Yanayoweza kutokea pasipo mtu wa tatu yalionekana Kroatia. Kuanzia takriban mwaka 2011 kikundi cha wasimamizi wenye mrengo mkali wa kitaifa kiliishika Wikipedia ya lugha ya nchi hiyo. Makala zilizohusu utawala wa kifashisti wa Ustaša wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kambi ya mauaji ya Jasenovac zilipunguziwa makali, na wahariri waliopinga walizuiwa au walikata tamaa wakaondoka. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia, Željko Jovanović, aliwaonya wanafunzi wasiitumie kamusi elezo hiyo. Hata hivyo miaka mingine ilipita kabla ya wasimamizi hao kuvuliwa madaraka kuanzia 2020, na mwaka 2021 Wikimedia Foundation, shirika la San Francisco linaloendesha Wikipedia, ikachapisha ripoti iliyoeleza jinsi mradi mzima ulivyotekwa na watu wachache. Kwa juujuu kila kitu kilikuwa kikifuata utaratibu, maana kulikuwa na kura, kulikuwa na majadiliano na kulikuwa na kanuni. Ila waliopiga kura, waliohukumu na waliolalamikiwa walikuwa watu wale wale.

Wikipedia ya Kiswahili haijafika huko, na silisemi hili kwa kuwatilia shaka wakabidhi wake, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufuta makala na kuzuia wahariri, watu ambao kwa miaka mingi wamefuta matusi, wamesahihisha vigezo (violezo vya kurasa), wamewasaidia wageni na kulipa gharama za intaneti kutoka mifukoni mwao. Wasingekuwepo hao, pasingekuwa na kitu cha kugombania. Hata hivyo anayefuatilia kwa muda ukurasa wa mabadiliko ya karibuni ataiona hali ilivyo. Migogoro mingi kwetu haihusu Danzig wala Jasenovac. Inahusu makala ya mwanamuziki chipukizi, mchungaji au mfanyabiashara iliyoandikwa na mhusika mwenyewe au na shabiki wake. Inahusu makala iliyotafsiriwa kwa mashine ikapandishwa bila kusomwa, yenye sentensi ambazo hakuna Mswahili angezitamka, na pia makala fupi ya mistari miwili ambayo mmoja anaiona ni mbegu ya kukuzwa na mwingine anaiona ni takataka. Mhariri mgeni anaandika, mkabidhi anaweka alama ya kupendekeza ifutwe, siku zinapita, hakuna wa tatu anayesema lolote, na mkabidhi yule yule anarudi kufuta. Pengine amefuta kwa haki kabisa. Lakini mgeni hajaona haki ikitendeka. Amemwona mtu mmoja akiwa mshitaki na hakimu, na anaondoka bila kuaga.

Kuondoka huko kimyakimya ndiko ninakokuogopa kuliko vita vya uhariri. Vita vya uhariri vinaacha alama, vinasomeka kwenye historia ya ukurasa, na vinaweza kusuluhishwa kwa sababu pande zote mbili bado zipo. Aliyeondoka hasuluhishwi na mtu. Tuliliona hilo kwa sura nyingine kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Google ilipodhamini shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yalipatikana kwa muda mfupi, mengi yakiwa tafsiri zilizohitaji kazi kubwa ya kusafishwa, na shindano lilipokwisha washiriki wengi hawakurudi. Zawadi zilileta maandishi, hazikuleta watu wa kubishana kuhusu maandishi hayo. Mradi unaokua kwa makala bila kukua kwa watu wa kuzijadili unakusanya migogoro ambayo haijapata wa kuiibua.

Nasikia hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Kwamba jumuiya ya watu wachache haiwezi kubeba urasimu wa Kiingereza, kwamba tukianza kuunda kamati na mabaraza tutakuwa na viti vingi kuliko waketi, na kwamba hata wenye watu wengi wanaupoteza muda wao: wahariri wa Kiingereza walibishana kwa takriban miaka minane, hadi 2011, kama jina la makala kuhusu maziwa mgando liandikwe yoghurt au yogurt. Sipendekezi kamati. Kamati isiyo na watu ni jina tu ukutani. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe iliivunja kamati yake ya upatanishi, tofauti na ile ya usuluhishi, mwaka 2018, kwa kuwa karibu hakuna aliyekuwa akiitumia.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho na kinatekelezeka na watu tulionao. Mkabidhi aliyeandika sehemu kubwa ya makala, au aliyependekeza ifutwe, asiwe yeye wa kufunga mjadala wake, na asimzuie mtu anayebishana naye kuhusu maudhui isipokuwa pana matusi au uharibifu wa wazi. Amwachie mwenzake hata kama itachukua wiki mbili, kwa kuwa makala mbovu iliyokaa wiki mbili zaidi haimuumizi mtu kama hukumu iliyotolewa na mdai. Panapohusika sifa za mtu aliye hai na hakuna chanzo, hapo haraka inaruhusiwa na hata inatakiwa. Kila anayetengua kazi ya mwingine aandike sababu kwenye muhtasari wa hariri yake kwa Kiswahili cha mtu mzima kwa mtu mzima, aseme chanzo gani kinakosekana au sentensi gani haisomeki, badala ya kuacha neno moja la amri. Na mgeni ambaye kazi yake imetenguliwa apewe kiungo cha ukurasa wa majadiliano na mstari mmoja wa kumkaribisha aeleze hoja yake, maana mtu aliyezoea makundi ya WhatsApp hajui kwamba nyuma ya makala kuna ukumbi wa kuzungumza.

Wakabidhi wote wakiwa ni sehemu ya ugomvi, bado kuna mlango. Harakati ya Wikimedia ina wasimamizi wanaochaguliwa na jumuiya za lugha zote kila mwaka, wenye uwezo wa kuingilia wiki ndogo, na tangu 2021 ina kanuni za maadili zinazowabana wahariri wa miradi yote. Tatizo la mlango huo ni kwamba walioko nyuma yake wengi hawasomi Kiswahili, hivyo watahukumu lugha ya matusi na idadi ya matenguzi, lakini hawatajua kama sentensi iliyogombaniwa ilikuwa ya kweli au kama chanzo kilichotajwa ni gazeti la kuaminika la Dar es Salaam au ukurasa wa kujitangaza. Kwa hiyo msaada wao ni wa dharura, na mtu wa tatu tunayemhitaji kila siku lazima atoke miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili wenyewe.

Na hapo tuna mtaji ambao Wakroati hawakuwa nao. Nchi zilizotokana na Yugoslavia ziligawanyika hadi kwenye kamusi elezo: kuna Wikipedia ya Kikroati, ya Kiserbia, ya Kibosnia na ya Kiserbokroati, ingawa wasomaji wake wanaelewana vizuri, na mgawanyiko huo uliwaacha wahariri wa kila mradi na wale wanaofikiri kama wao. Kiswahili kina Wikipedia moja. Mkenya anayesema tarakilishi na Mtanzania anayesema kompyuta, Mzanzibari, Mkongomani wa Lubumbashi na mwanafunzi aliyeko Muscat wote wanahariri kurasa zile zile, na makala kuhusu Muungano wa 1964, kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa au kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo inaweza kukaguliwa na mtu ambaye serikali yake haihusiki. Tunawatumia vibaya watu hao tunapowaalika kwenye mashindano ya kuandika makala mpya pekee. Warsha inayofuata, iwe ni Arusha, Nairobi au Bukavu, itenge nusu siku kwa kufungua kurasa za majadiliano zilizokwama, kusoma hoja za pande zote na kuacha maoni yaliyotiwa saini. Pendekezo la kumzuia mkabidhi asifunge shauri lake mwenyewe nalo linaweza kuwekwa kwenye ukurasa wa Jumuia, ukumbi wa majadiliano ya wahariri wote, wiki hii hii na mhariri yeyote mwenye akaunti. Halihitaji ruzuku wala ruhusa kutoka San Francisco. Linahitaji watu kumi wa kulisoma na kusema kama wanalikubali au wanalipinga, na kwa sababu gani.